Kisima Kilichobaki Kijani

Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, Shamsiya alifuta vumbi kwenye meza za duka la baba yake kule Chumbageni, mjini Tanga. Alitumia kitambaa kikavu. Kitambaa chenye maji kilipigwa marufuku kusogea karibu na kompyuta, na aliyesahau sharti hilo alisomewa hotuba ndefu na Baba. Akimaliza kufuta, alifunua redio ya upepo, ya kuzungumza na vijiji, iliyokaa pembeni, akafungua madirisha ya mbele. Mtaani hapakuwa na kelele za watoto. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya kipindupindu, na wazazi waliwazuia wana wao ndani.

Duka lile lilikuwa la babu yake. Bibi yake, Bi Ghaliya, aliikumbuka vizuri miaka ya shida, rafu zilipobaki tupu na watu wakapanga foleni tangu alfajiri kungojea sukari ya kugawiwa. Baadaye biashara zikafunguliwa, bidhaa zikarudi, na Bwana Yaarub, baba yake Shamsiya, akaacha kuuza vitambaa. Aliweka simu, kisha faksi, na mwishowe kompyuta. Lakini si kila kitu kilirudi pamoja na bidhaa. Pampu za maji zilizoharibika vijijini katika miaka ile hazikutengenezwa tena. Watu walirudia visima vya zamani, na masika ya mwaka huo wa kipindupindu yalipozidi, maji ya vyooni yakaingia visimani.

Ndiyo maana katikati ya duka palikuwa na kompyuta moja ambayo haikuzimwa mchana kutwa. Asheri, fundi kijana aliyeajiriwa na mradi wa dharura wa maji, aliiita seva. Kazi ya mashine hiyo ilikuwa kuhifadhi ramani ya visima vyote vya pwani, kutoka Tanga hadi Pangani, ili mtu aliye mbali aifungue kwa njia ya simu na kuiona kwenye kompyuta yake. Kisima chenye maji salama kilionekana kwa nukta ya kijani. Chenye maji mabaya, kwa nukta nyekundu. Kule Pangani, msimamizi wa mradi, Bwana Kristofa, aliifungua ramani hiyo kila adhuhuri. Alikuwa na boza moja tu, lori lenye tangi la maji safi. Boza lilipelekwa kwenye nukta nyekundu. Penye kijani halikwenda.

Taarifa zilikuja kwa redio mara mbili kwa siku. Saa moja asubuhi manesi walisema ni visima gani vimetiwa dawa ya klorini, na Asheri akaziandika mwenyewe. Kisima kilichotiwa dawa kiligeuka kijani kwa muda. Saa nne kilipimwa tena ili kujua kama dawa bado ina nguvu. Nesi alitia kidonge kwenye kichupa cha maji ya kisima hicho. Maji yakigeuka rangi ya waridi, yalikuwa salama. Yasipogeuka, uchafu ulikuwa umeishinda dawa, na kisima kilipaswa kuwa chekundu.

Taarifa za saa nne alizipokea Shamsiya, kwa sababu wakati huo Asheri alikuwa mjini akitafuta dizeli ya jenereta. Umeme ulikatika karibu kila siku.

Siku ya kumfundisha, Asheri alizungumza harakaharaka kama kawaida yake, huku mikono ikifunga nyaya. Alimwonyesha mahali pa kuandika jina la kisima, hali ya maji na saa ya kupimwa. Alimweleza kwamba redio mara nyingine huchelewa, kwa hiyo seva haijali taarifa imeingizwa lini. Huangalia saa iliyoandikwa, kisha huonyesha ile taarifa iliyo ya mwisho kwa saa.

"Hapa unaweka saa ya kompyuta, si ya kwetu," alisema. "Umeelewa, Injinia?"

Shamsiya hakuelewa. Kompyuta nayo ina saa yake? Lakini jina la Injinia lilimwingia vizuri masikioni, na binamu yake Ziyad alikuwa amesimama mlangoni, akimtania tangu asubuhi kwamba ataiunguza mashine ya watu. Akiuliza sasa, Ziyad angepata la kusimulia mtaa mzima.

"Ndiyo," akasema.

Nyumbani kwao, nyuma ya duka, ukutani palikuwa na saa kubwa ya mbao ya Bi Ghaliya. Ilitegwa kwa desturi ya wazee wao. Jua likitua ilikuwa saa kumi na mbili, na akrabu, mishale yake, zilionyesha kumi na mbili. Saa nne asubuhi, akrabu fupi ilisimama kwenye nne. Wageni waliishangaa, kwa kuwa kwenye saa nyingine zote mjini akrabu fupi wakati huo huwa kwenye kumi, na mtu huisoma kwa kuvuka upande wa pili. Shamsiya alikulia chini ya saa ile. Kwake yeye, ukisikia nne unaandika nne.

Mwanzoni hakuna kilichoharibika. Kila kisima kilichopimwa saa nne kilionekana salama, naye akaandika salama juu ya kijani kilichokwisha kuwapo. Asheri alirudi na madumu yake ya dizeli, akatazama ramani, akamsifu.

Kisha Jumatatu moja redio ikakoroma.

"Mwera hapa, Mwera hapa. Tanga, mwanisikia? Ova."

Alikuwa Nesi Mwanasiti. Aliendesha kituo cha wagonjwa wa kipindupindu ndani ya madarasa mawili ya shule ya kijiji cha Mwera, upande wa Pangani.

"Twakusikia, Nesi. Shikamoo. Ova."

"Marahaba, mwanangu. Andika. Kisima cha sokoni, saa nne, maji hayakugeuka rangi. Ni mabaya. Watu wangu hawana pengine pa kuchota, na wagonjwa nimewalaza mpaka sakafuni. Leteni boza. Ova."

Shamsiya aliandika Mwera, kisima cha sokoni, maji mabaya, saa 4:00. Seva ikajibu kwamba taarifa imepokelewa. Akaitazama ramani. Nukta ya Mwera ilikuwa ya kijani. Akangoja. Ikabaki kijani. Alikumbuka kwamba Asheri aliwahi kulalamika jinsi ramani inavyochelewa laini ya simu ikiwa nzito, akajiambia itageuka yenyewe. Akaenda kumsaidia Bibi kuchemsha maji ya kunywa.

Jumanne ikawa vivyo hivyo. Nesi Mwanasiti aliuliza mbona boza halikuja, na Shamsiya akamjibu kwamba taarifa imeshatumwa. Hilo lilikuwa kweli. Hakuwaambia Baba wala Asheri kwamba nukta haikugeuka, kwani hakutaka kuonekana ameshindwa kazi ndogo.

Jumatano nesi hakusalimu. Alitoa kipimo cha saa nne, maji mabaya tena, Shamsiya akakiandika, kisha nesi akaendelea.

"Alfajiri ametutoka Mwanamkasi," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mtoto wa miaka minne. Nyumba yao inatazamana na kisima. Nimeita Pangani kwa redio, naambiwa kisima changu ni cha kijani. Nani amekipaka kijani? Ova."

Bwana Yaarub aliyekuwa akihudumia mteja wa faksi alisikia, akaja, akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Shamsiya. Aliuliza, akasikiliza, kisha akainua simu kumpigia Bwana Kristofa.

Mazungumzo yalikuwa marefu, na Baba alipoweka simu chini uso wake ulikuwa umeiva. Akawaeleza. Bwana Kristofa alisema kila mwenyekiti wa kijiji humpigia akiapa kwamba kwake ndiko kubaya zaidi. Siku chache nyuma alimwamini mmoja, akapeleka boza mahali penye maji safi, na kijiji kingine kikakauka koo. Tangu hapo aliapa kufuata ramani peke yake, kwa kuwa ramani haina shemeji wala jirani. Na kwenye ramani, taarifa ya mwisho ya Mwera ilikuwa ya saa moja asubuhi, kwamba dawa imetiwa. Kama nesi angepima, kipimo kingeonekana. Kwa hiyo hapimi, anapiga kelele tu, na Bwana Kristofa alikuwa tayari kuandika aondolewe kituoni. Boza lingeondoka baada ya sala ya adhuhuri kuelekea upande wa Ushongo, penye nukta nyekundu. Dizeli ilitosha safari moja.

"Nimemwambia sisi wenyewe tumemsikia nesi," Baba alisema. "Ananijibu, kitu hakipo kwenye ramani, hakipo."

Wakati huo Asheri aliingia, miguu imejaa matope. Alipoelezwa, aliyaweka madumu chini bila kunawa, akaketi mbele ya seva.

Alianza na lililo rahisi. Je, seva inafanya kazi? Ilikuwa inafanya. Visima viwili alivyoviandika asubuhi kuwa vibaya vilionekana vyekundu kama damu. Akasema kompyuta huwa zinaweka picha ya zamani ili zisihangaike kuleta mpya, pengine wote wanaangalia ramani ya juzi. Akaifuta kumbukumbu hiyo, akaifungua ramani upya. Mwera ikabaki kijani.

Akawaza juu ya jina. Mwera nyingine iko Unguja, ng'ambo ya bahari. Huenda taarifa zimekwenda kubandikwa huko. Akakagua tarakimu zinazoonyesha kisima kiko wapi, moja baada ya moja, akiziweka kidole. Zilikuwa sahihi. Akatazama kama jina limeandikwa tofauti mahali fulani, kwa sababu herufi moja ikikosewa mashine hudhani ni kijiji kingine. Halikukosewa. Mwishowe akaizima seva nzima na kuiwasha tena. Ilichukua muda mrefu kuamka. Kijani.

"Basi labda kweli kuna kitu nesi hakufanya," Asheri alisema polepole. Hakuonekana kuyaamini maneno yake. "Shamsiya, uliziingiza taarifa zake?"

"Niliziingiza zote. Na ya leo pia nimeiingiza."

Baba alimtuma akalete chai, kwa kuwa Asheri alikuwa akitetemeka kwa nguo mbichi. Shamsiya akapita mlango wa nyuma. Bi Ghaliya alikuwa amekaa juu ya mkeka wa sala, akijiandaa kwa adhuhuri.

"Mtoto wa Mwera anazikwa sasa hivi," Bibi alisema. "Watu wa huko hawangoji. Mungu awape subira wazazi wake."

Shamsiya aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Akrabu zilikaribia sita. Akamimina chai, akarudi dukani, na macho yake yakaangukia pembe ya chini ya kioo cha kompyuta, pale ambapo tarakimu ndogo zilionyesha wakati. Alikuwa amezipita mara nyingi bila kuzitazama. Ziliandikwa 11:52.

Akaweka kikombe mezani. Saa ya kompyuta, si ya kwetu.

Alielewa yote mara moja. Asheri aliandika taarifa za saa moja asubuhi kuwa 7:00. Yeye aliandika za saa nne kuwa 4:00, na kwa kompyuta hiyo ni alfajiri, watu wamelala. Seva ilitazama namba mbili, ikaona saba ni baada ya nne, ikachagua saba. Kila siku Nesi Mwanasiti alipima, na kila siku kipimo chake kilitupwa nyuma ya taarifa ambayo kwa kweli ilikuwa ya zamani.

Asheri alikuwa amesimama dirishani, akiukagua waya wa simu. Baba alikuwa ameegemea kaunta, viganja usoni. Shamsiya akaketi. Alifungua taarifa ya siku ile, akafuta nne, akaandika kumi.

Nukta ya Mwera ikawa nyekundu.

"Baba," alisema. "Imegeuka."

Asheri aliruka nyaya akaja. Alisema lazima ni kule kuizima na kuiwasha, mashine hizi nyingine hutaka kupumzishwa kama punda. Baba tayari alikuwa na simu sikioni. Walimsikia akimwambia Bwana Kristofa aifungue ramani upya, aifungue sasa hivi, aache kila kitu. Kisha Baba akavuta pumzi ndefu, akawaitikia kwa kichwa. Boza linageuzwa. Linakwenda Mwera.

Shamsiya aliona mwili wake umekuwa mwepesi. Lililotakiwa limefanyika. Hakuna aliyemwona akibadilisha namba, na mashine haisemi.

Lakini Baba hakuweka simu chini. Aliifunika kwa kiganja.

"Anasema ameona sasa. Nesi amepima leo, saa nne. Anataka kujua kama juzi na jana alipima, au ameanza leo baada ya mtoto kufa. Anataka kuandika barua ya kumwondoa."

Asheri alikunja uso. Alisema ni vigumu kujua, juzi na jana hazionekani kwenye ramani. Baba akaanza kuondoa kiganja kwenye simu ajibu.

"Mwambie alipima," Shamsiya alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Mwambie alipima siku zote, Baba. Si nesi. Ni mimi. Niliandika saa kama ya Bibi."

Hakuna aliyemwelewa, kwa hiyo ikambidi aeleze, na kueleza kulikuwa kugumu kuliko kukiri. Alionyesha ile nne, na ile saba, na zile tarakimu za pembeni. Asheri alifungua taarifa za nyuma mwenyewe, akaziona zimepangana, 4:00, 4:00, 4:00. Akaketi kwenye kiti kana kwamba amesukumwa.

Baba aliyaeleza yote kwenye simu, bila kuficha na bila kupunguza, akitaja kwamba ni binti yake. Kisha akaenda kusali. Hakumpiga Shamsiya, wala hakusema naye mchana wote, na Shamsiya alitamani angepigwa.

Boza lilifika Mwera kabla ya jua kutua, baada ya kukwama kwenye tope na kusukumwa na wanakijiji. Kisima cha sokoni kilifungwa kwa mbao na misumari. Wagonjwa wawili waliokwisha kunywa maji yale walikufa kabla ya Ijumaa, mzee mmoja na mama mwenye mtoto wa kunyonya. Wengine wote waliokuwa wamelala sakafuni walirudi makwao kwa miguu yao. Bwana Kristofa hakuiandika ile barua.

Asheri naye hakukaa kimya. Alimwambia Bwana Yaarub kwamba kosa lina wazazi wawili. Yeye mwenyewe alimuuliza mtoto kama ameelewa, akaridhika na neno moja, wala hakumwambia aandike ili aone. Akaibadilisha ile sehemu ya kuingizia taarifa. Sasa iliuliza saa kwa Kiswahili, asubuhi au mchana au usiku, na kompyuta yenyewe ikafanya kazi ya kuvuka kwenda saa yake. Akaongeza kwamba taarifa ya maji mabaya isifutwe na nyingine mpaka mtu aithibitishe.

Mvua zilipopungua na shule zikakaribia kufunguliwa, mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga za kijivu aliingia dukani alasiri moja. Alikuwa amekuja Tanga kuchukua dawa. Alipopiga hodi, Shamsiya aliitambua sauti ile ya redioni kabla hajatajiwa jina, akasimama.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Wewe ndiye Shamsiya." Nesi Mwanasiti alivuta kiti akaketi. Alionekana mchovu wa siku nyingi. "Nilikuwa na hasira nawe. Nyingine bado ninayo. Mamake Mwanamkasi ni jirani yangu, namwona kila siku."

Shamsiya aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka kwenye meza aliyoifuta asubuhi. Alisimulia yote, ile 'ndiyo' aliyoisema kwa kumwogopa Ziyad na ile nukta aliyoinyamazia, akasema anaomba radhi, na kwamba anajua radhi haimrudishi mtu.

"Haimrudishi," nesi alikubali. "Lakini ulisema mbele ya baba yako jambo ambalo ungeweza kulimeza. Kama ungelimeza, leo kituo changu kingekuwa na nesi asiyewajua wale watu, na mimi ningekuwa mwongo mpaka kufa. Hilo nalo nimekuja kukwambia, nisikwambie moja tu."

Alimshika kidevu, akamwinua uso.

"Sasa nisikilize. Hukumuua mtu kwa kutojua saa. Kutojua si dhambi, sote huanza hapo. Hatari ilikuwa ile 'ndiyo' yako. Ulimwitikia fundi bila kuelewa, kwa kuogopa kuchekwa. Kisha ukaiona nukta ni kijani, ukajua kuna kitu hakiko sawa, ukanyamaza tena kwa hofu ile ile. Mtu akikuuliza kama umeelewa, na hujaelewa, mwambie arudie. Akicheka, acha acheke. Kicheko hakijampeleka mtu kaburini."

Shamsiya aliitikia kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa alihofia kuwa hata huko ni kuitikia tu, akasema kwa maneno yake mwenyewe, "Nisiposhika jambo, niseme sijalishika. Hapo hapo."

"Hapo hapo." Nesi aliitazama seva iliyokuwa ikinguruma taratibu. Kwenye kioo, nukta ya Mwera ilikuwa ya kijani, na safari hii kisima kilikuwa kimechimbwa kipya, juu mlimani, mbali na vyoo. "Haya, nifundishe na mimi. Sasa ni saa tisa. Hiyo yenu inasema nini?"

"Kumi na tano."

"Kwa nini?"

Shamsiya alifuta uso kwa upande wa mtandio, akaanza. Alisema sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, lakini kompyuta huhesabu tangu saa sita ya usiku, kwa hiyo mchana unaongeza sita. Tisa na sita ni kumi na tano. Usiku tunaanza tena moja jua likitua, lakini yenyewe haianzi tena, inaendelea mbele, basi saa mbili ya usiku inakuwa ishirini.

Nesi Mwanasiti alisikiliza mpaka mwisho, akihesabu kwa vidole. Kisha akavikunja vidole, akatikisa kichwa.

"Hapo pa usiku sijaelewa," alisema. "Rudia."